Bakteria Waliopo Tayari: Rutuba ya Mashamba ya Nachingwea na Ruangwa

Mkulima wa ufuta wa Ruangwa akiona shamba lake limechoka, mara nyingi hufanya walichofanya wazee wake: hufyeka pori jipya. Majivu ya miti iliyochomwa humpa misimu michache ya mavuno ya kuridhisha, kisha mimea huanza kudumaa na kuwa ya njano, naye husogea mbele zaidi. Utaratibu huo uliwezekana watu walipokuwa wachache na ardhi iliyoachwa ilipata miaka mingi ya kupumzika. Siku hizi pori la karibu limekwisha, mashamba ya kijiji kimoja yanagusana na ya kijiji kingine, na msitu uliobaki ama umehifadhiwa ama uko mbali kiasi kwamba kwenda kulima huko ni kuhama nyumbani. Swali la rutuba katika wilaya hizi mbili, Nachingwea na Ruangwa, limekuwa swali la kama mtu anaweza kubaki kwenye shamba lake na bado akavuna.

Bakteria wa udongo wanaosaidia mimea kukua ni sehemu ya jibu, na nadhani ni sehemu kubwa kuliko tunavyoipa nafasi. Lakini habari zao hutufikia zaidi kama habari za bidhaa: pakiti ya unga mweusi au chupa ya maji unayoinunua, unaipaka kwenye mbegu, unasubiri mavuno. Kwa udongo wa Nachingwea na Ruangwa mpangilio huo umeanzia mwisho. Kwa mazao mengi yanayolimwa huku bakteria wanaohitajika wamo ardhini tayari. Kinachowakwamisha ni njaa, asidi, joto na moto, na hayo hayaponi kwa kuongeza bakteria wengine juu ya wale wanaotaabika.

Tuanze na kazi yenyewe. Hewa ina nitrojeni asilimia 78, lakini hakuna mmea unaoweza kuila ikiwa katika hali hiyo, kwa sababu atomi zake mbili zimeshikamana kwa nguvu kubwa sana. Viwanda vya mbolea hutumia joto kali, mgandamizo mkubwa na gesi asilia, gesi ya aina ile ile inayochimbwa Songosongo na Mnazi Bay, kuigeuza nitrojeni ya hewa kuwa urea. Bakteria wa jamii ya rizobia hufanya kazi hiyo katika joto la kawaida la udongo, ndani ya vifundo vidogo vinavyoota kwenye mizizi ya mimea jamii ya kunde. Mmea unawalisha sukari, wao wanaulipa nitrojeni. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walithibitisha jambo hili kati ya mwaka 1886 na 1888. Mwaka huo huo wa 1888 Mholanzi Beijerinck aliwatenga bakteria wenyewe kutoka kwenye vifundo, na kufikia mwaka 1896 Nobbe na Hiltner walikuwa wamekwisha kuwageuza kuwa bidhaa ya dukani huko Ujerumani. Mbolea ya bakteria ina zaidi ya miaka mia moja sokoni. Anayemwambia mkulima kwamba huu ni ugunduzi wa juzi hajui anachokiuza.

Jambo linaloamua kama pakiti ina faida ni uchaguzi wa bakteria. Rizobia ni wa aina nyingi, na kila mmea una wale unaowakubali. Karanga, kunde, choroko, njugumawe na mbaazi hukubali kundi pana la Bradyrhizobium lililoenea katika udongo wa Afrika ya kitropiki. Kunde na njugumawe asili yao ni bara hili hili, na bakteria wao wamekuwepo tangu kabla ya jembe. Karanga zilikuja kutoka Amerika ya Kusini na mbaazi kutoka India, lakini zilipofika ziliwakuta wenyeji wanaoelewana nao. Ndiyo sababu majaribio ya kupaka bakteria kwenye mbegu za karanga barani Afrika mara nyingi hayaonyeshi ongezeko la maana: wale wa pakiti hukutana ardhini na wenyeji wengi, waliozoea mahali pale, na kushindwa nafasi kwenye mzizi.

Nachingwea ina historia inayopaswa kukumbukwa hapa. Baada ya ujumbe wa John Wakefield kuzuru Tanganyika mwaka 1946, serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kuingia bara zilijengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Waliopanga walishindwa na ukame, na udongo unaogeuka kama saruji kiangazi, na visiki na mizizi iliyovunja mitambo, na magonjwa, na haraka yao wenyewe. Katika orodha ndefu ya yaliyowashinda, ukosefu wa bakteria wa karanga haumo. Kwenye ardhi ile ile, watu wa Nachingwea wameendelea kulima karanga kwa jembe la mkono, na mizizi yake ina vifundo bila mtu yeyote kununua kitu.

Soya ni habari nyingine. Asili yake ni mashariki ya Asia, na aina nyingi zilizokuzwa Marekani huchagua sana: zinataka bakteria wao mahususi, ambao katika udongo wetu hawapo au ni wachache mno. Hapo pakiti hufanya kazi, na hufanya vizuri. Brazili imejenga mojawapo ya kilimo kikubwa kabisa cha soya duniani bila kuipa soya mbolea ya nitrojeni, kwa kutegemea bakteria wanaopakwa kwenye mbegu, na Johanna Döbereiner, mwanasayansi aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, ana sifa kubwa katika uamuzi huo. Kwetu, Patrick Ndakidemi na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo ya mashamba ya wakulima wa Moshi na Rombo: soya na maharage yaliyopakwa bakteria yalizaa zaidi, na yaliyopata bakteria pamoja na fosforasi yalizaa zaidi ya hapo. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na kuiingiza Tanzania katika awamu yake ya pili, ulisisitiza jambo hilo hilo la kuvipeleka vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Watu wachache wanakumbuka kwamba Nachingwea yenyewe iliwahi kuwa kituo cha soya cha Afrika Mashariki. Baada ya mpango wa karanga kufa, utafiti ulibaki, na katika miaka ya 1950 na 1960 mbegu za soya zilichanganywa na kuchaguliwa pale kwa ajili ya mazingira yetu. Baadaye kazi ya utafiti ya kusini ilihamia Naliendele, Mtwara. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nacho kilitengeneza mbolea ya bakteria ya soya iliyoitwa Nitrosua, ambayo haikufika mbali madukani. Huko Ibadan, Nigeria, taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ilichukua njia tofauti: badala ya kumpelekea mkulima bakteria wa kigeni, ilizalisha soya zisizochagua, zinazokubali bakteria wa Kiafrika waliomo udongoni. Naiona njia hiyo kuwa ya busara zaidi kwa mahali kama Ruangwa, ambako pakiti italazimika kusafiri kwenye buti la basi wakati wa joto la Novemba. Mbegu husafiri salama, bakteria husafiri kwa shida.

Shida hiyo si ya kupuuzwa. Pakiti nzuri ya rizobia huwa na takribani bakteria bilioni moja katika kila gramu siku inapotoka kiwandani. Biofix, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Nairobi na kutengenezwa na kampuni ya MEA, huwabeba bakteria hao kwenye tope la kuchujia linalobaki katika viwanda vya sukari. Ikiwekwa kwenye rafu juani, au duka la bati lisilo na hewa, idadi hushuka siku hadi siku, na mkulima hana namna ya kuona tofauti kwa macho. Mbegu iliyopakwa inatakiwa ipandwe siku hiyo hiyo, kwenye udongo wenye unyevu, na isichanganywe na dawa ya kuua kuvu ambayo huwaua na bakteria. Anayepanda mvua ya kwanza ya kubahatisha, kama wengi wanavyolazimika kufanya penye msimu mmoja tu wa mvua, anaweza kupoteza bakteria wote katika juma moja la jua.

Sasa nirudi kwa wenyeji, maana kwao ndiko kuna faida isiyoguswa. Bakteria wanaovunja nitrojeni hutumia nguvu nyingi sana, na nguvu hiyo ndani ya chembe hai hubebwa na fosforasi. Udongo wa kichanga wa sehemu kubwa ya kusini mashariki una fosforasi kidogo. Mmea wenye njaa ya fosforasi hutengeneza vifundo vichache na vidogo, hata kama bakteria wamejaa. Tanzania ina mwamba wa fosfati Minjingu, mkoani Manyara, na fosfati hiyo huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi. Kilo chache za Minjingu kwenye tuta la karanga au mbaazi huenda zikaamsha nitrojeni nyingi kuliko pakiti yoyote.

Asidi ndiyo sura inayonisumbua zaidi, kwa sababu sehemu yake tunaitengeneza wenyewe. Mikorosho hupuliziwa salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na bila salfa hakuna korosho ya kuzungumzia. Lakini unga unaodondoka chini haupotei. Bakteria wengine wa udongo huugeuza polepole kuwa asidi ya salfuriki. Amos Majule na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania ulioonyesha kwamba upuliziaji huo unashusha pH ya udongo, na udongo wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kujikinga. Hesabu ya kikemia ni rahisi: kila kilo moja ya salfa iliyogeuka asidi yote huhitaji takribani kilo tatu za chokaa safi kuisawazisha. Tumepuliza kwa miongo mingi, na chokaa hatujarudisha.

Asidi ikizidi, rizobia wengi hudhoofika, alumini huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na molibdeni, madini ambayo kimeng'enya cha kuvunja nitrojeni hakiwezi kufanya kazi bila yake, hujificha ardhini. Wakulima wengi hupanda mbaazi, kunde au karanga katikati ya mikorosho michanga ili ardhi isikae bure. Huo ni mpango mzuri kabisa, lakini kadiri mikorosho inavyokua na salfa inavyoongezeka, mikunde ile inapandwa mahali ambapo bakteria wake wanazidi kupungua. Sijaona mjadala wa ruzuku ya salfa unaoweka chokaa mezani pamoja nayo. Salfa huletwa mpaka kwenye chama cha msingi cha ushirika, na njia hiyo hiyo ingeweza kubeba chokaa.

Kwa karanga kuna jambo la ziada. Maganda yake hunyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaoyazunguka, na inapokosekana mkulima huvuna maganda matupu na kudhani ni jua. Jasi, yenye kalsiamu na salfa lakini isiyobadilisha asidi, inachimbwa Kilwa, ndani ya mkoa huu huu wa Lindi, na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Umbali wa kutoka Kilwa hadi Nachingwea ni mdogo kuliko ule wa kutoka Minjingu.

Halafu kuna moto. Kuchoma mabaki ya mazao kabla ya mvua husafisha shamba kwa siku moja, lakini nitrojeni iliyokuwa kwenye majani huondoka na moshi, na udongo unabaki wazi mbele ya jua la Oktoba. Mchanga mtupu mchana hupata joto linaloua bakteria wengi wa tabaka la juu. Majani yaliyoachwa chini hupunguza joto hilo na kuwapa bakteria wa kila aina chakula. Najua ugumu wake: panya hujificha kwenye mabaki, mchwa huyala, na ng'ombe wa wafugaji waliohamia kusini huyafuata. Hata hivyo, kuacha kuchoma nusu tu ya shamba hakuhitaji fedha, na tofauti itaonekana kwenye mizizi.

Mizizi ndipo penye ushahidi. Mkulima hahitaji maabara kujua kama bakteria wake wanafanya kazi. Mmea wa kunde au karanga unapoanza kutoa maua, uchimbuliwe kwa jembe pamoja na udongo wake, usivutwe, maana vifundo hukatika na kubaki chini. Uoshwe taratibu majini. Kisha kifundo kipasuliwe kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kuna kazi inafanyika: rangi hiyo ni ya protini inayofanana na ile ya damu yetu, inayolinda kimeng'enya kile cha kuvunja nitrojeni dhidi ya oksijeni. Kikiwa cheupe, hakijaanza kazi au bakteria waliomo hawafai kitu. Kikiwa cha kijani au kijivu, kimezeeka. Afisa ugani anayepita mashamba kumi ya kijiji kimoja na kufanya hivi kila msimu atajua zaidi kuhusu udongo wa kijiji kile kuliko ramani yoyote itakavyomwambia. Mahali ambapo vifundo ni vyekundu na vingi, pakiti ya bakteria ni fedha iliyotupwa. Mahali ambapo havipo kabisa, hapo ndipo pa kujaribu.

Mikunde inajitosheleza kiasi, lakini mazao yanayoleta fedha Nachingwea na Ruangwa ni korosho na ufuta, ambayo hayana vifundo. Wapo bakteria wanaosaidia mimea ya namna hiyo kwa njia nyingine. Azospirillum huishi kwenye uso wa mizizi ya mahindi na mtama na kutoa homoni zinazoongeza vinyweleo vya mizizi, na Brazili huitumia kibiashara kwenye mahindi. Baadhi ya Bacillus na Pseudomonas huyeyusha fosfati iliyofungwa kwenye udongo, au huwazuia kuvu wabaya. Kwa korosho hili la mwisho linaweza kuwa na maana kubwa, kwa sababu mnyauko wa mikorosho unaosababishwa na kuvu aina ya Fusarium umeshaua miti nchini, na mti uliokufa ni kipato cha miaka mingi kilichopotea. Lakini kati ya bakteria kumzuia kuvu kwenye sahani ya maabara na kumzuia chini ya mkorosho wa miaka ishirini kuna umbali mkubwa, na ningependa majaribio ya shambani yamalizike kabla ya mtu kumuuzia mkulima chupa. Vivyo hivyo kwa bakteria wa kuyeyusha fosfati: kwenye mchanga wenye fosforasi kidogo kabisa, hawana cha kuyeyusha.

Tahadhari hii ina msingi. Watafiti waliochunguza bidhaa 65 za mbolea za bakteria, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, walikuta kwamba takribani asilimia 40 hazikuwa na hata mmoja kati ya bakteria walioandikwa kwenye lebo. Zilikuwa na vijidudu vingine tu. Bidhaa za rizobia za soya ndizo zilizosimama vizuri kuliko nyingine. Tanzania ina Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, yenye wajibu wa kusajili kinachouzwa kama mbolea, lakini usajili hufanyika juu ya sampuli iliyotoka kiwandani, na mkulima wa Ruangwa hununua pakiti iliyokaa miezi kadhaa njiani. Kinachohitajika ni kupima pakiti zilizo madukani, Nachingwea mjini na Ruangwa mjini, mwezi wa Novemba. Uwezo wa kukuza bakteria kwa wingi nchini upo: kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, hutengeneza viuaviluwiluwi vya mbu kutokana na bakteria aina ya Bacillus.

Kwa ufuta, mahindi na mihogo, bakteria wa kutegemewa zaidi bado ni wale wa mikunde, kupitia mzunguko wa mazao. Na hapa mikunde haifanani. Soya na karanga hubeba sehemu kubwa ya nitrojeni yake kwenye punje, na mkulima anayeng'oa karanga na kuzipeleka nyumbani pamoja na majani yake huacha kidogo sana. Mbaazi hukaa shambani muda mrefu, mizizi yake huenda chini sana, na huangusha majani pale pale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, kutoka Babati na Gairo, ulikuta mbaazi iliyochanganywa na mahindi ikivuta kutoka hewani kati ya kilo 6 na kilo 71 za nitrojeni kwa hekta. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Upana wa tarakimu hizo unasema mengi: mmea ni ule ule, bakteria ni wa jamii ile ile, lakini shamba moja hupata robo ya mfuko na jingine hupata mifuko mitatu. Tofauti inatokana na mvua, udongo na namna ya kulima.

Inatokana pia na soko, kwa sababu mbaazi isiyopandwa haina vifundo. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha uagizaji cha tani 200,000, na bei kusini mwa Tanzania ikaporomoka kiasi kwamba wapo walioziacha mbaazi shambani. Wengine waliacha kupanda kabisa na kuigeuza ardhi yote kuwa ya ufuta. Hakuna aliyeipima nitrojeni iliyopotea katika misimu ile, kwa kuwa hasara ya namna hiyo haimo kwenye vitabu vya chama chochote cha ushirika. Mbaazi zimerudi kwenye minada, na RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huziuza kwa stakabadhi ghalani kama kinavyouza ufuta na korosho. Wanachama wanapojadili bei kwenye mnada, wanajadili pia kama mwakani kutakuwa na mbaazi kati ya mistari ya ufuta. Kikomo kingine kikiwekwa huko India, chama kinaweza kutafuta wanunuzi wa ndani wa kukoboa na kusindika ili kuwepo na bei ya chini inayomfanya mkulima asiing'oe mbaazi. Ununuzi huo ungehesabiwa kwenye bajeti ya mbolea ya wilaya pamoja na urea na salfa.